Shajara ya Gari la Kemia: Wiki ya Ziara ya Profesa na Timu Yake

Jumapili: kupakia

Gari linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, lakini kazi ngumu ya ziara ni ya leo, kwenye meza ya maabara. Profesa anayepeleka kemia kwa umma ana saa moja tu mbele ya kila hadhira, na saa hiyo haina nafasi ya kutafuta kijiko. Kila jaribio lina kreti lake lenye mfuniko, na ndani yake mna kila kitu cha jaribio hilo, hadi kiberiti na kitambaa cha kupangusia. Majaribio mawili yakitumia silinda moja ya kupimia, silinda hiyo itakuwa chafu dakika inapohitajika. Ndani ya mfuniko hubandikwa karatasi moja yenye hatua, vipimo, hatari, namna ya kumwaga mabaki na jina la mwanatimu anayebeba dhamana ya jaribio hilo.

Unga wote hupimwa leo. Mizani ya maabara haipendi barabara, na hata ikifika salama, upepo wa feni ukumbini unatosha kuyumbisha desimali zake. Kwa hiyo glukosi gramu 10, potasiamu haidroksaidi gramu 8 na potasiamu ayodaidi gramu 3.3 hutiwa kila kimoja kwenye kichupa cha kifuniko cha skrubu, chenye lebo ya jina, uzito, tarehe na alama ya hatari. Potasiamu haidroksaidi hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi, kwa hiyo hupimwa mwisho na kufungwa papo hapo. Kichupa kikiachwa wazi, vipande vyake huwa uji unaounguza ngozi. Kwa kila onyesho kuna vichupa viwili vya akiba.

Ndani ya gari, vioksidishaji, yaani vitu vinavyokoleza moto kama haidrojeni peroksaidi na potasiamu ayodeti, hukaa upande mmoja, spiriti na vyote vinavyoshika moto upande wa pili. Asidi haikai trei moja na alkali. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 husafiri wima, katika chupa yake ya asili yenye kizibo kinachopumua, maana hutoa oksijeni kidogo kidogo hata ikiwa imetulia. Ikizibwa kabisa na kupigwa na joto la gari, chupa hufura. Kilichobaki kwenye bika hakirudishwi chupani kamwe. Punje ya kutu au vumbi inatosha kuanzisha uvunjikaji ambao utaendelea usiku kucha.

Kitendanishi cha Tollens, kile kinachopaka fedha ndani ya chupa, hakisafiri kikiwa kimechanganywa. Kikikaa hujenga misombo ya fedha na nitrojeni inayoweza kulipuka kwa kuguswa tu. Nitreti ya fedha na amonia hupakiwa mbalimbali, huchanganywa pale pale, na mabaki hutiwa asidi hafifu na kusuuzwa mara onyesho linapokwisha.

Nitrojeni ya kimiminika ndiyo inayozua mjadala kila ziara. Inachemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri za Selsiasi, na lita moja ikigeuka gesi hujaza takriban lita 690. Gari dogo lina nafasi ya hewa ya mita tatu za ujazo hivi. Lita tano zikimwagika ndani, abiria hawana tena hewa ya kuvuta, na nitrojeni haina harufu ya kuwaonya. Kanuni ya timu ni fupi: chombo chake kina kifuniko kisichoziba, husafiri sehemu ya mizigo iliyotengwa na abiria na inayopitisha hewa, na kwenye lifti hupanda peke yake. Kama gari halina sehemu hiyo, nitrojeni inabaki nyumbani. Onyesho zuri halihitaji mvuke mweupe, hata kama mabango yote yanauonyesha.

Timu ni watu wanne: profesa, fundi wa maabara na wanafunzi wawili wa uzamili. Fundi akisema jaribio lisifanyike, halifanyiki, hata profesa akinuna. Mwisho hupakiwa maji yaliyokenekwa, lita 25. Sababu yake itaonekana Jumanne.

Jumatatu: shule ya kwanza

Saa mbili na nusu, ukumbini. Kabla kreti halijafunguliwa, fundi anakagua milango miwili ya kutokea, bomba la maji lililo karibu, madirisha yanayofunguka na vihisi moshi vya dari. Mstari wa mbele wa viti unasogezwa mita tatu kutoka mezani. Kwa jaribio lenye mwali au mlio, ni zaidi ya hapo na kioo cha polikaboneti kinasimamishwa katikati. Miwani ya kinga ni ya kila anayesimama nyuma ya meza, na mwanafunzi anayeitwa kusaidia huvaa kabla hajakaribia. Mtungi wa kuzimia moto, blanketi la moto na ndoo ya maji hukaa mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka meza.

Onyesho linaanza kimya, na chupa ya bluu. Katika flaski ya lita moja hutiwa maji mililita 300, potasiamu haidroksaidi gramu 8 na, mmumunyo ukishapoa, glukosi gramu 10. Kisha mililita 5 za methilini bluu ya asilimia 0.1. Flaski huzibwa kwa kizibo cha mpira na kuachwa itulie. Rangi ya bluu hufifia hadi kupotea. Flaski ikitikiswa, hurudi. Glukosi ndani ya alkali huiondolea methilini bluu rangi, na oksijeni ya hewa iliyo juu ya mmumunyo huirudisha.

Linavyoharibika: flaski ikijazwa hadi shingoni hakuna hewa ya kutosha, na bluu hairudi. Rangi ikizidi, hadhira husubiri hadi wachoke. Ukumbi wenye baridi hupunguza kasi, kwa hiyo flaski huwekwa kwenye maji vuguvugu dakika chache kabla. Likitengenezwa jana yake, glukosi inakuwa imeshaozeshwa na alkali, mmumunyo una rangi ya majani makavu na hakuna kitu cha kuonyesha. Hutikiswa na mwanatimu mwenye glovu, kidole kikiwa juu ya kizibo, kwa sababu kilichomo ni alkali kali.

Hapa ndipo profesa anafanya kazi yake hasa. Kabla ya kutikisa mara ya pili anauliza: ni nini kilichomo ndani ya flaski ambacho kutikisa kunakigusisha na maji? Kila mwanafunzi anaandika jibu lake, anamweleza wa jirani, ndipo flaski inatikiswa. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kupima jambo hili katika madarasa ya fizikia: wanafunzi waliotazama onyesho tu hawakuwazidi kwa kiasi cha kutajika, katika kuelewa, wale ambao hawakuliona, ilhali waliotabiri kwanza walielewa vizuri zaidi. Kutabiri kunakula dakika mbili. Ndiyo maana saa moja inatosha majaribio matano, na profesa anayeahidi kumi na mbili anaandaa fataki.

La mwisho leo ni povu la peroksaidi. Silinda ya lita moja inasimama ndani ya beseni pana: peroksaidi ya asilimia 30 mililita 50, sabuni ya maji mililita 10 na matone ya rangi. Kisha hutiwa mililita 10 za maji yenye gramu 3.3 za potasiamu ayodaidi, mkono unaondolewa haraka na uso haukai juu ya mdomo wa silinda. Ayodaidi ni kichocheo. Peroksaidi inavunjika kuwa maji na oksijeni, lita tano hadi sita za gesi kutoka mililita 50 tu, na joto la kutosha kutoa mvuke. Kijiti chenye kaa kikiingizwa kwenye povu, kinawaka tena. Povu lina ayodini, ndiyo maana lina madoa ya kahawia, na lina mabaki ya peroksaidi, kwa hiyo hakuna mtoto anayeligusa, hata akisihi vipi. Wanafunzi wa madarasa ya chini hupata toleo la peroksaidi ya asilimia 6 na hamira iliyokorogwa kwenye maji ya nyuzi 40. Maji yakiwa ya moto sana kimeng'enya cha hamira kinakufa na silinda inabaki kimya mbele ya watu mia.

Povu huwekwa mwisho kwa sababu moja: baada yake hakuna anayesikia maelezo.

Jumanne: shule ya pili, na maji ya bomba

Jaribio la leo ndilo linalowafanya wanafunzi wa kidato cha juu wanyamaze: mmumunyo unaobadilika kutoka maji safi hadi rangi ya kaharabu, kisha bluu nzito, kisha safi tena, bila mtu kuugusa. Lilitangazwa mwaka 1973 na Thomas Briggs na Warren Rauscher, walimu wa kemia wa shule ya sekondari huko San Francisco. Profesa husema hilo jukwaani kila mara. Waliolibuni hawakuwa na maabara ya chuo kikuu.

Mimumunyo ni mitatu, na vipimo hivi ni vya lita moja ya kila mmoja. Wa kwanza: potasiamu ayodeti gramu 43 na asidi salfuriki kali mililita 4.3, asidi ikiingizwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Ayodeti huyeyuka polepole. Maji yapashwe moto kidogo na kukorogwa hadi punje zote zipotee. Wa pili: asidi maloniki gramu 15.6, manganisi salfeti yenye molekuli moja ya maji gramu 3.4, na wanga gramu 3 uliokorogwa kwanza kwa maji baridi kisha kumiminwa kwenye maji yanayochemka. Wanga ukitiwa mkavu kwenye maji ya moto hufanya mabonge, na bluu yake inakuwa hafifu. Wa tatu: peroksaidi ya asilimia 30 mililita 400, iliyoongezwa maji hadi lita moja. Jukwaani, mimumunyo hii humiminwa kwa ujazo sawa ndani ya bika lililo juu ya kikorogeo cha sumaku, na karatasi nyeupe nyuma yake. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 15 hivi mwanzoni, kisha hurefuka. Baada ya dakika kadhaa mmumunyo unabaki bluu nyeusi wenye harufu ya ayodini.

Adui wa jaribio hili ni kloridi. Maji ya bomba yanayo, jasho la vidole linayo, bika lililooshwa kwa asidi hidrokloriki na kusuuzwa nusu nusu linayo. Kiasi kidogo tu hunyamazisha mzunguko, na mmumunyo unabaki na rangi moja. Kwa hiyo vyombo vyake haviingii kwenye sinki la shule. Husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyokenekwa yaliyoletwa na gari. Mwonyeshaji wa jaribio hili akipata matokeo mabovu, aulize kwanza maji yalitoka wapi kabla hajashuku unga.

Mmumunyo wa pili hauishi muda mrefu kwa sababu ya wanga. Hutengenezwa asubuhi ileile. Mmumunyo wa ayodeti hukaa, na unaweza kutengenezwa Jumapili.

Madirisha huwa wazi, maana mvuke wa mwisho unawasha macho. Baada ya onyesho, sodiamu thayosalfeti hutiwa kidogo kidogo huku ikikorogwa hadi bluu na kahawia vyote vipotee, ayodini ikiwa imegeuzwa ayodaidi. Huwa kunapata joto, kwa hiyo haraka haifai. Mwanafunzi mmoja huitwa kuangalia hatua hii. Mara nyingi huipenda kuliko onyesho lenyewe, na profesa anayeificha nyuma ya pazia anapoteza somo la bure.

Jaribio la saa ya ayodini, ambalo mmumunyo wake safi hugeuka bluu ghafla baada ya muda, limeachwa kwenye kreti leo. Ni zuri, lakini baada ya mzunguko wa Briggs na Rauscher hadhira huliona kama marudio yaliyopungua. Likipewa shule yake peke yake, linafundisha kitu kingine: mimumunyo ileile kwenye bika lenye nyuzi kumi zaidi hugeuka bluu kwa takriban nusu ya muda, na wanafunzi wenye saa za mkononi hupata grafu yao wenyewe.

Jumatano: walimu

Hakuna onyesho leo. Kuna meza, walimu ishirini na tano hivi wa kemia, na saa sita za kazi. Wakuu wa vitivo huwa hawana picha ya siku hii ya kuweka kwenye ripoti, nayo ndiyo inayobaki gari likishaondoka. Onyesho humfikia mwanafunzi mara moja. Mwalimu aliyejua kufanya jaribio kwa matone ataonana na wanafunzi kila mwaka hadi astaafu.

Kazi yote ni ya vipimo vidogo. Karatasi ya maelekezo huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, na mmenyuko unafanyika juu ya plastiki hiyo, tone kwa tone. Tone la kopa salfeti na tone la sodiamu haidroksaidi, utando wa bluu unaonekana. Tone la amonia linaongezwa, utando unayeyuka na bluu nzito inatokea. Darasa zima linatumia mililita chache za kila kemikali, mabaki yanafutwa kwa karatasi moja, na hakuna glasi ya kuvunjika. RADMASTE, kituo cha elimu ya hisabati, sayansi na teknolojia cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, chini ya John Bradley, kiliisambaza njia hii katika nchi nyingi kwa kushirikiana na UNESCO.

Elektrolisisi ndiyo inayochukua asubuhi. Kwenye kisahani cha plastiki hutiwa mililita 10 za kopa kloridi ya moli 0.5 kwa lita, yaani gramu 0.85 za unga wenye molekuli mbili za maji. Elektrodi ni risasi mbili za penseli, na chanzo cha umeme ni betri ya volti 9. Kipande cha karatasi ya litmasi ya bluu iliyoloweshwa huwekwa karibu na elektrodi chanya. Ndani ya dakika moja elektrodi hasi ina tabaka la kopa lenye rangi ya shaba mpya, na litmasi imekuwa nyekundu kisha nyeupe, kwa sababu klorini huyeyuka kwenye maji ya karatasi, ikatoa asidi na kiondoa rangi kwa pamoja. Kisahani kina kifuniko, na betri huondolewa baada ya dakika mbili au tatu. Kosa la kawaida ni risasi mbili kugusana: betri inapata joto na hakuna kinachotokea kwenye kisahani. Kosa la pili ni penseli ya rangi. Risasi yake haipitishi umeme.

Kiashiria cha kabichi ya zambarau kinatengenezwa na walimu wenyewe: gramu 100 zilizokatwa nyembamba, maji ya moto mililita 500, dakika kumi, kisha kuchuja. Ni nyekundu kwenye asidi kali, zambarau karibu na pH 7, yaani pasipo asidi wala besi, bluu hadi kijani kwenye besi hafifu, manjano kwenye besi kali. Kinanuka baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo kigandishwe kwenye trei ya vipande vya barafu, na kitolewe kipande kwa kipande.

Mchana profesa anakaa nyuma ya chumba na walimu wanafundishana. Mhadhiri asiyeweza kukaa kimya kwa saa mbili afikirie upya kama semina ya walimu inamfaa. Kabla ya kuachana, kila mwalimu anaandika jaribio moja atakalofanya ndani ya mwezi na darasa gani. Orodha hiyo inaingia kwenye jalada, itahitajika Jumamosi.

Alhamisi: redio asubuhi, umma jioni

Redio haina silinda wala povu. Dakika 25, ukiondoa matangazo na salamu, zinatosha wazo moja. La leo ni usalama wa visafishaji: dawa ya kung'arishia yenye hipokloriti haichanganywi na kisafishaji chenye asidi, kwa kuwa hutoa klorini, wala na chenye amonia, kwa kuwa hutoa kloramini. Vyote viwili vinachoma mapafu. Aliyekwisha kuchanganya atoke nje, aache mlango wazi, asirudi kumwaga. Wasikilizaji hupiga simu kwa wingi kuliko kwa mada yoyote ya elementi, na hilo linampa profesa fununu ya wapi aanzie mwaka ujao.

Simu ya lazima huja pia: kwa nini vitu vina kemikali? Jibu refu la kuikejeli hofu hiyo huwafunga watu masikio. Linalofaa ni kutaja kipimo. Maji ni kemikali, na chumvi ya mezani pia; hatari inategemea ni kiasi gani, kimeingia mwilini kwa njia gani, na mara ngapi. Kisha mfano mmoja, na simu inayofuata.

Jioni ni mhadhara wa umma, na mezani kuna mshumaa. Mwanasayansi Michael Faraday aliutumia mshumaa kwa mihadhara ya vijana ya Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London, mwaka 1848 na tena katika msimu wa 1860 hadi 1861. Mihadhara hiyo ya Krismasi ilianzishwa mwaka 1825, na yeye mwenyewe alitoa misururu 19 kati ya 1827 na 1860. Mshumaa una faida ambayo nitrojeni ya kimiminika haina: kila aliyekaa ukumbini ameshauona maelfu ya mara na hajawahi kuuuliza kitu.

Kwanza, nini kinawaka? Mrija mwembamba wa kioo unaingizwa kwenye sehemu ya giza ya mwali, karibu na utambi, ukiwa umeinamishwa. Moshi mweupe unatoka mwisho wa pili, na moshi huo unashika moto: ni mvuke wa nta. Mrija ukiwa mrefu, mvuke unaganda ndani kabla ya kutoka. Ukiingizwa juu sana kwenye mwali, unakusanya masizi. Pili, mshumaa unazimwa na kiberiti kinaletwa sentimita chache juu ya utambi, ndani ya ule uzi wa moshi. Mwali unashuka na kuuwasha. Feni zizimwe kabla. Upepo mdogo unavunja uzi huo.

Tatu ndilo lenye ubishi. Mshumaa umesimama kwenye sahani ya maji na glasi inafunikwa juu yake. Mwali unazimika, maji yanapanda. Ukumbi mzima unajua jibu: oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Profesa anawapigisha kura, kisha anarudia kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Maji yanapanda juu zaidi, ingawa oksijeni ya glasi haijaongezeka. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi 16 hivi, kwa hiyo nyingi bado imo. Na kaboni dayoksaidi imechukua nafasi ya sehemu ya ile iliyotumika. Kinachoinua maji hasa ni hewa iliyopashwa joto wakati glasi inafunikwa, ambayo baadaye inapoa na kusinyaa. Ushahidi ni viputo: waliokaa mbele wanaviona vikitoka chini ya ukingo wa glasi mwanzoni. Jambo hili limeandikwa vibaya katika vitabu vingi vya shule, na kulisahihisha mbele ya watu wazima kunahitaji upole, maana baadhi yao ndio waliolifundisha.

Mtu huuliza kila mara kwa nini hakuna mwali wa rangi wa methanoli, alkoholi inayochomwa pamoja na chumvi za metali. Mvuke wa methanoli huwaka hata kwenye nyuzi 11 za joto, mwali wake karibu hauonekani, na anayeongeza methanoli kwenye bakuli linaloonekana kuzimika hugeuza chupa yake kuwa bomba la moto linaloelekea mstari wa mbele. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilitoa taarifa ya onyo mwaka 2014 baada ya wanafunzi kuungua. Rangi zilezile hupatikana kwa vijiti vya mbao vilivyolowekwa usiku kucha kwenye mimumunyo iliyokolea: strontiamu kloridi nyekundu, kopa kloridi kijani na bluu, potasiamu kloridi urujuani hafifu. Sodiamu hufunika rangi nyingine zote, kwa hiyo kijiti chake huwa cha mwisho na vingine havishikwi kwa mkono mtupu, maana jasho lina sodiamu.

Ijumaa: barabarani

Siku ya kusafiri, kituo kimoja kifupi. Chupa za peroksaidi zinakaguliwa kila gari linaposimama. Wanafunzi wa uzamili wanaendesha onyesho zima leo na profesa anabeba kreti. Anayepanga kufanya kazi hii kwa miaka mingi lazima aache mikono mingine ijifunze mapema, na hadhira ya vijana humsikiliza haraka zaidi mtu anayewazidi miaka sita kuliko anayewazidi arobaini.

Jumamosi: mabaki na majalada

Mabaki huanza kabla ya chai. Mabaki ya fedha huenda kwenye chupa yake, ya manganisi na kopa kwenye chupa ya metali, na yaliyokwisha kutulizwa kwa thayosalfeti hupimwa pH kabla ya kuondolewa kwa utaratibu wa idara. Kila kreti hujazwa upya leo hii, siyo kabla ya ziara ijayo, na upungufu unaandikwa kwenye karatasi ya mfuniko.

Kisha jalada, ambalo ndilo linaloamua kama profesa ataruhusiwa tena. Vyuo vingi hupima mhadhiri kwa utafiti, ufundishaji na huduma kwa jamii, na huduma hupewa uzito mdogo. Picha za povu hazisaidii kitu mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Kinachosaidia ni tarehe, mahali, idadi na umri wa hadhira, lengo la kila onyesho, majibu ya kabla na baada, na orodha ya walimu ya Jumatano. Baada ya miezi mitatu walimu hao hupigiwa simu: jaribio ulilotaja, ulilifanya? Kilikuzuia nini? Jibu "sikupata betri" lina thamani kuliko kurasa kumi za shukrani, kwa kuwa linasema cha kupakia safari ijayo.

Mhadhiri anayeanza kazi huambiwa achague kati ya utafiti na umma. Waliofika mbali hawakuchagua. Faraday tumemtaja. Bassam Shakhashiri wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison alianza mhadhara wake wa Krismasi mwaka 1970 na kuufanya taasisi. Martyn Poliakoff wa Nottingham alikuwa tayari anajulikana kwa kazi yake ya vimiminika vya hali ya juu ya kikomo (dutu zilizopashwa joto na kubanwa hadi si gesi wala kimiminika cha kawaida) na kemia ya kijani, yaani isiyochafua mazingira, alipoanza, mwaka 2008, video fupi za elementi. Lakini ushauri wa vitendo ni mwembamba kuliko mifano hiyo: mhadhiri mchanga aanze na jaribio moja, shule moja kwa muhula, na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia, apime kama walioliona wameelewa, aandike matokeo kwa jarida la elimu ya kemia. Makala hiyo inahesabiwa na kamati ileile isiyohesabu povu.

Peroksaidi iliyofunguliwa Jumatatu inaandikwa tarehe ya kufunguliwa na kurudishwa kwenye kabati lenye ubaridi na giza. Vijiti vya mbao vilivyobaki vinakaushwa na kufungwa kwa rangi zake. Simu za walimu zimewekwa kwenye kalenda ya fundi, maana ya profesa haiaminiki.